Adapta ya tatu kwa moja ya kutolea mafaili: waya mzuri, chaja ya mashaka

Ukiingia kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta pale Mwanjelwa, Mbeya, au yale ya katikati ya mji Iringa, ukaomba kitu cha kutolea mafaili kwenye kompyuta iliyokufa, kitakachowekwa mezani ni kiboksi cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, kina waya wa USB na midomo mitatu. Mmoja ni wa diski za SATA, aina ya plagi ya diski za kisasa, mmoja mpana ni wa IDE, aina ya zamani, za kompyuta za mezani, na mmoja mwembamba ni wa IDE za laptopu za zamani. Ndani ya boksi kuna chaja yenye plagi ya matundu manne, na kipande cha waya cha kuigeuza plagi hiyo iingie kwenye diski ya SATA. Jina la kiwanda usilitafute, halipo.

Kinunue. Kwa mtu mwenye kompyuta ya zamani inayokaribia kuaga, au ofisi yenye rundo la mashine stoo, hakuna kifaa cha bei hiyo kinachofanya kazi nyingi namna hii. Adapta yenyewe tunaipa alama nne kati ya tano. Chaja yake tunaipa mbili, na hizo mbili ni za huruma. Tena ujue mapema kwamba siku diski yenyewe ikiwa mgonjwa, adapta hii inageuka msaidizi tu, kazi kubwa inafanywa na programu.

Kwanza tutenganishe mambo. Kompyuta kufa na diski kufa ni vitu viwili, na mara nyingi kilichokufa si diski. Kompyuta za mezani za kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zina ugonjwa unaojulikana wa kapasita, vile vikopo vidogo vya kwenye mazabodi: vichwa vyake vinavimba, vinavuja uchafu wa kahawia, mashine inajizima yenyewe au haiwaki kabisa. Betri ndogo ya CR2032 ya volti 3 ikiisha, saa inarudi miaka ya nyuma na mashine inagoma kuendelea mpaka ubonyeze F1; watu wanadhani imeharibika. Vumbi la kiangazi linajaza feni, prosesa inapata joto, mashine inazima. Masika radi ikipiga karibu inachukua pawa saplai. Katika hali zote hizi mafaili yamekaa salama pale pale yalipokuwa, na kazi ni kuitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nzima. Hapo ndipo adapta hii inapostahili pesa yake.

Kosa linaloua mafaili mengi kuliko radi ni kumwachia fundi mashine bila maelekezo. Umeme unawaka, Windows haifunguki, fundi anapiga Windows upya juu ya diski ile ile. Kilichoandikiwa juu hakirudi. Ukipeleka mashine popote, sentensi ya kwanza iwe: usipige Windows, nataka mafaili kwanza. Au toa diski ubaki nayo nyumbani, kwenye laptopu nyingi za zamani ni skrubu mbili au tatu tu chini ya kifuniko.

Sasa midomo. SATA haina shida, umbo lake la herufi L linakataa kuingia kinyume. IDE kubwa ya pini 40 nayo ina kinundu kinachoielekeza, ila angalia kile kijumpa, kiplagi kidogo cha kuunganisha pini mbili, kilicho nyuma ya diski: kikae kwenye nafasi ya master, yaani diski kuu, si slave, diski ya pili. Diski za IDE za Western Digital zikiwa peke yake kwenye waya, kijumpa kinatolewa kabisa. Kikiwa kwenye slave, adapta itawaka taa na kompyuta haitaona kitu, na utarudi dukani kugombana bure.

Mdomo wa kuogopa ni ule mwembamba. Diski ya IDE ya laptopu ina pini 44 katika safu mbili, kisha pengo dogo, kisha pini nne zilizojitenga. Hizo nne si za data, ni za kuchagulia master na slave, na diski ikiwa peke yake zinaachwa tupu. Mdomo wa adapta hauna ukuta wa kuuongoza. Unaweza kuusogeza kidogo ukakamata zile nne, au ukaugeuza juu chini, na kwa macho kila kitu kikaonekana kimekaa sawa. Ukiwasha hivyo, volti 5 zinaingia pasipotakiwa na saketi ya diski inaungua papo hapo, hata moshi huuoni. Tafuta pini namba 20: kwenye diski nyingi haipo, pana nafasi tupu katikati ya safu, na kwenye mdomo tundu la mahali hapo limezibwa. Viwili hivyo lazima vikutane. Pini namba 1 iko upande wa zile nne. Washa tochi ya simu, itazame diski kwa ubavu, na usiguse umeme mpaka uone zile nne zimebaki nje zote, wazi. Zikiwa zimepinda kidogo, zinyooshe taratibu kwa ncha ya kibano, kwa sababu pini iliyokatika pale haina dawa ya nyumbani.

Tuje kwenye chaja. Diski ya kompyuta ya mezani, ile ya inchi 3.5, inataka umeme wa aina mbili: volti 12 za kuzungushia mota na volti 5 za saketi. Inapoanza kuzunguka, mota inavuta karibu ampea 2 kwenye zile volti 12 kwa sekunde chache, kisha inatulia na kuvuta kidogo sana. Lebo ya chaja imeandikwa 12V 2A na 5V 2A. Nyingi ya hizi zisizo na jina hazifiki hapo zikibanwa. Matokeo yake ni tamthilia inayowadanganya hata mafundi: diski inaanza kuzunguka, inafika katikati, umeme unapungua, inazima, inaanza tena, na kila safari inatoa mlio wa tak. Anayesikiliza anatikisa kichwa na kusema vichwa vya kusomea vimekufa, peleka Dar es Salaam. Kumbe diski ni nzima, inalia njaa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu, pima. Mita ya kawaida inatosha. Waya wa njano na mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6, waya mwekundu na mweusi usome kati ya 4.75 na 5.25. Pima wakati diski inaanza kuzunguka. Ukipima chaja ikiwa tupu, itakuonyesha namba nzuri karibu kila mara, na utaondoka umedanganywa.

Dawa ipo na mara nyingi haina gharama: tumia pawa saplai ya kompyuta ya mezani. Adapta ibaki na kazi ya data peke yake, umeme wa diski utoke kwenye pawa saplai. Kama iko nje ya kompyuta, ichomoe ukutani, unganisha waya wa kijani wa plagi kubwa na waya mweusi wowote kwa kipande cha klipu ya karatasi, kisha ichomeke ukutani. Feni yake itazunguka na umeme wa diski utakuwa imara kuliko wa chaja yoyote ya boksi. Tumekata alama tatu kwenye chaja kwa sababu hiyo hiyo: kifaa kinachouzwa kama kamili hakipaswi kukupeleka kutafuta pawa saplai ya mtu mwingine.

Mpangilio wa kuwasha nao una maana. Umeme kwanza. Subiri sekunde kumi hivi, diski itulie na mlio wake uwe mmoja laini, ndipo uchomeke USB. Ukitanguliza USB, kompyuta inauliza diski ambayo bado haijaamka, inakata tamaa, na unabaki ukitazama skrini tupu.

Tena kuna chaja za laptopu za volti 19 ambazo kichwa chake kinaingia vizuri kabisa kwenye kasha la diski ya nje la volti 12. Maofisini, ambako chaja zote nyeusi zimerundikwa droo moja, hili hutokea sana. Diski nyingi zina vidiodi vya ulinzi karibu na plagi ya umeme. Volti zikizidi, kidiodi kinajitoa mhanga na kuunganisha umeme na ardhi, diski inanyamaza kama jiwe. Fundi anayejua solda anakipima, akikikuta kimeshoti anakiondoa, na diski inaweza kuamka kwa muda wa kutosha kunakili, mradi sasa ipewe umeme sahihi. Anayekushauri ununue saketi nyingine ya diski ya aina hiyo na kuibadilisha tu, muulize kama atahamisha na chipu ya ROM. Diski za miaka hii zimehifadhi humo vipimo vyake binafsi, na bila kuihamisha saketi mpya haitasoma kitu.

Diski za laptopu za inchi 2.5 za SATA hazihitaji chaja hata kidogo, zinatosheka na volti 5 za USB. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, la USB 3.0 linatoa 900, na baadhi ya diski za zamani zinaomba karibu ampea nzima zinapoanza. Kama diski inatoa milio mifupi na kuzima, hamishia kwenye tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani au tundu la bluu la laptopu. Hapo acha kabisa vigawanyio vya USB na nyaya za kurefusha.

Kwa wasomaji wa Makete na Njombe, kuna jambo la baridi. Mashine iliyolala stoo Juni na Julai, alfajiri ya umande wa barafu, usiitoe ukaiwasha hapo hapo. Watengenezaji wengi wanataka diski ifanye kazi kuanzia nyuzi 5, wengine 0, na wote wanakataza unyevu unaogeuka matone ndani. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, iache chumbani kwa saa kadhaa mpaka ipate joto la chumba, ndipo uitoe mfukoni. Mwinuko wenyewe si tatizo. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa mto mwembamba wa hewa, kwa hiyo hewa nyepesi ina athari, lakini diski nyingi zimepimwa kufanya kazi hadi karibu mita 3,000. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi.

Diski ikishaonekana na ikiwa na afya, kazi iliyobaki ni ya subira. Windows ikikuambia diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, kataa. Maana ya ujumbe ule ni kwamba Windows haielewi kilichomo: huenda diski imetoka kwenye Mac au Linux, huenda jedwali lake limeharibika, au adapta inaisoma kwa ukubwa wa sekta (vile vipande vidogo vya diski) tofauti na wa mwanzo. Katika hali hizo zote data bado ipo.

Ukifungua folda ya mtumiaji utaambiwa huna ruhusa. Kwenye diski ya Windows XP folda hiyo iko ndani ya Documents and Settings, kuanzia Vista iko ndani ya Users. Ukikubali kuendelea, Windows inapita faili moja moja ikiandika ruhusa mpya. Kwenye diski nzima ni sawa, kwenye diski inayougua ni kuimaliza. Linux haijali ruhusa hizo, inasoma tu.

Usinakili kwa kuburuta na kipanya. Faili moja likigoma, kazi nzima inasimama ikikusubiri ubonyeze, nawe umeenda sokoni. Fungua dirisha la amri uandike hivi, ukibadilisha herufi za diski na majina ya folda:

robocopy E:\Users\Mwalimu D:\Okoa /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:D:\okoa.txt

Vipande vitatu hapo ni vya lazima. Bila /R:1 na /W:1, robocopy ikikutana na faili bovu hurudia mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara, kwa hiyo itabaki hapo mpaka wajukuu. Bila /XJ itaingia kwenye njia za mkato za Application Data na kuzunguka ndani yake bila kutoka. Ile LOG inakuandikia yaliyoshindikana, uyashughulikie baadaye.

Usikomee kwenye Documents. Watu huweka vitu Desktop, Downloads, kwenye folda walizotengeneza moja kwa moja juu ya C, na kwenye kile kigawanyo cha D ambacho kila mtu anakisahau. Barua pepe za Outlook ziko kwenye faili la .pst, za Thunderbird ziko ndani ya AppData\Roaming, folda iliyofichwa. Programu za hesabu za SACCOS au duka zina folda yake ya data ambayo haina uhusiano na Documents. Ifuate kwenye mipangilio ya programu yenyewe, na unakili na faili za kuisakinisha programu hiyo, maana data bila programu ya kuifungua ni mzigo tu. Mwanafunzi wa MUST au Mkwawa aliyepoteza tasnifu atafute pia mafaili ya .asd, ambayo Word huhifadhi yenyewe pembeni.

Kuhusu muda: USB 2.0 kwa uhalisia inapitisha kama MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 500 zinakaribia saa tano. Ukiwa na adapta ya USB 3.0 na tundu la USB 3.0, diski yenyewe ndiyo inayobaki kuwa kikwazo, na kazi hiyo hiyo inaweza kuisha chini ya saa mbili. Kwenye IDE tofauti si kubwa hivyo, kwa hiyo kama diski zako ni za IDE tupu, usilipe zaidi kwa ajili ya plagi ya bluu.

Diski inayougua ni habari nyingine. Kabla ya kunakili chochote, fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, utazame mistari mitatu: 05, C5 na C6. Wa kwanza ni sekta zilizokwisha kubadilishwa, wa pili ni zile zinazosubiri hukumu, wa tatu ni zilizoshindikana kabisa. C5 ikiwa juu ya sifuri, acha mambo ya folda na robocopy. Adapta nyingine hazipitishi taarifa hizi vizuri. Kwenye Linux lazimisha kwa smartctl -d sat -a /dev/sdb. Ikikataa pia, tumia masikio: diski inayosoma, inanyamaza, inakwaruza kidogo, kisha inaendelea, ichukulie kuwa mgonjwa.

Kinachotakiwa hapo ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, kuingia kwenye faili moja kubwa kwenye diski nyingine, halafu mafaili yatolewe kwenye nakala hiyo na diski mgonjwa ikapumzike. Chombo ni GNU ddrescue, cha bure. Tengeneza flashi ya SystemRescue, Linux inayowaka kutoka kwenye flashi, kwa programu ya Rufus, kisha washa kompyuta kwa flashi hiyo. Faili lake ni kama GB 1, halitakumalizia bando kama la Ubuntu, na ndani yake ddrescue, TestDisk na PhotoRec vipo tayari. Diski ya kupokelea lazima iwe kubwa kuliko diski nzima inayookolewa, hata kama yenye mafaili ni nusu tu, na isiwe FAT32, kwa sababu FAT32 haibebi faili linalofika GB 4.

Kwanza andika lsblk, utambue diski kwa ukubwa wake. Kisha, ukiwa ndani ya diski ya kupokelea:

ddrescue -n /dev/sdb nakala.img nakala.map

Chanzo kinatangulia, kinachopokea kinafuata. Duru hii ya kwanza inachukua yote yaliyo rahisi na kuruka penye majeraha, ndiyo maana inafaa: kama diski itakufa kesho, umeshachukua nyama yote. Ikimaliza, rudi kwenye mabaki:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img nakala.map

Lile faili la .map usilifute wala usilibadilishe jina. Ndilo linalokumbuka kilichosomwa na kilichobaki. Umeme ukikatika, na utakatika, unarudia amri ile ile na kazi inaendelea ilipoishia. Kwa kunakili kwa kawaida ungeanza upya, na kuanza upya ndiko kunakoimaliza diski.

Hapa adapta yetu inapoteza alama iliyobaki. Ikigonga sekta mbovu, chipu yake inaweza kuganda. Diski inapotea kwenye orodha, ukiichomeka tena inarudi kwa jina la sdc badala ya sdb, na ukirudia amri bila kutazama unanakili kitu kingine kabisa. Tumia jina la kudumu lililo ndani ya /dev/disk/by-id/, lile halibadiliki ovyo. Ikiganda mara kwa mara, acha kuilazimisha: toa diski, ichomeke moja kwa moja kwenye SATA ya mazabodi ya kompyuta ya mezani na uanzishe flashi ile ile. SATA halisi inavumilia makosa ya diski kuliko USB.

Nakala ikikamilika, ifungue kwa kusoma tu:

losetup -fP --show -r nakala.img
mount -o ro /dev/loop0p2 /mnt

Amri ya kwanza itakuambia namba ya loop, na p2 badilisha kulingana na kigawanyo chenye mafaili. Vigawanyo visipoonekana, TestDisk inaweza kuvipata. Vikishindikana kabisa, PhotoRec inachambua nakala nzima ikitambua mafaili kwa alama zake za mwanzo. Inarudisha picha na nyaraka nyingi, lakini majina na folda vimekwenda: utapata maelfu ya vitu kama f0482913.jpg ndani ya recup_dir.1, na wiki nzima ya kupanga. Mwenye studio ya picha za harusi ajiandae kwa hilo. Na chkdsk usiikaribishe kwenye diski mgonjwa kabla ya nakala. Kazi yake ni kurekebisha mpangilio wa diski, si kuokoa mali yako, na inaandika.

Yako mambo ambayo adapta hii haiyawezi, na muuzaji hatakuambia. Diski inayogonga tak-tak hata kwa umeme uliopimwa, au inayotoa mlio mwembamba bila kuzunguka, inataka maabara yenye hewa safi. Usimruhusu mtu aifungue kwenye meza ya karakana, vumbi moja ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani. Ile habari ya kuiweka kwenye friza iache, inaleta maji ndani. Laptopu za Windows 10 na 11 nyingi zimefungwa na BitLocker bila mwenyewe kujua. Diski itaonekana, lakini itadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute kabla mashine haijafa. SSD iliyofutwa mafaili kwa kawaida haina cha kuokoa, kwa sababu ya TRIM, amri inayoiambia SSD isafishe kabisa nafasi za mafaili yaliyofutwa. SSD za M.2 hazina hata mdomo wa kuingia hapa. Na diski za nje: baadhi za Western Digital husimba data kwenye saketi ya kasha lake, kwa hiyo ukiitoa na kuichomeka kwenye adapta unapata takataka, nyingine zina USB iliyochomelewa kwenye diski yenyewe, SATA haipo.

Kama una laptopu ya SATA tu, huna haja ya tatu kwa moja. Waya mfupi wa SATA kwenda USB 3.0 ni wa bei ndogo, hauna chaja ya kukutia wasiwasi, na una mdomo mmoja usioweza kukosewa. Tatu kwa moja mwachie mwenye IDE, mwenye diski za inchi 3.5, au fundi.

Dukani usilipie kabla haijajaribiwa. Nenda na diski nzima ya inchi 3.5, ndiyo inayoibana chaja. Ichomeke hapo hapo kaunta, tazama ukubwa unaoonekana kwenye Disk Management: diski ya zaidi ya TB 2 ikionekana ndogo, chipu ni ya kizamani. Kama diski uliyoifomati kwenye kompyuta nyingine inaonekana RAW, yaani haisomeki, adapta inabadilisha ukubwa wa sekta, ikatae. Nakili faili la GB kadhaa, kisha shika chaja kwa mkono. Joto la kawaida ni sawa. Ikichoma au ikinuka plastiki, mwambie muuzaji abadilishe chaja peke yake. Maduka mengi yana droo ya chaja za boksi zilizopotea, na kati ya tano au sita huwa ipo moja inayoshika volti 12 diski ikianza.